Hata Jasho Hana

Vijana wangu, mliokuja mwezi uliopita nyumbani kwangu hapa Nambambo kuniomba nianze tena mazoezi, niliwafukuza. Sikuwafukuza kwa maneno. Nilinyamaza mpaka mkaona aibu mkaondoka, na huko nako ni kufukuza. Leo nawajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo sitafika mwisho. Nimesoma mpaka darasa la saba, mengine nimejifunza jeshini, kwa hiyo msitafute hapa Kiswahili cha vitabuni.

Mnanijua kama Sajini. Miaka yangu mingi jeshini kazi yangu haikuwa bunduki, ilikuwa miili ya watu. Nilikuwa mwalimu wa mazoezi. Nilipokea vijana wenye vitambi na vijana wenye mbavu za kuhesabika, nikawatoa wakiwa wanaweza kutembea siku nzima na mzigo mgongoni. Nilipostaafu nikarudi nyumbani, nikalima korosho na ufuta kama watu wote, na asubuhi nikawa nawakimbiza ninyi mliotaka kwenda kwenye usaili wa jeshi. Binti yangu Somoe alikuwa mmoja wenu. Mnajua alivyokufa. Yaani mnadhani mnajua.

Siku mliyokuja, yule binti mrefu, wa kwa fundi cherehani, alisema, "Sajini, sisi tuko fiti. Siku hizi tunakimbia kama Somoe, hatugusi maji mpaka turudi." Wenzake wakatikisa vichwa kwa kujivuna. Sifa hiyo niliwafundisha mimi. Na nyuma ya sifa hiyo kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mke wangu, mama yake Somoe. Mama yule amekuwa akiisha mwili mbele ya macho yangu, akijilaumu kwa kifo cha mwanawe, na nusu ya lawama hiyo ilikuwa yangu. Nilijua. Nikamwacha aibebe peke yake. Kabla ya kushika kalamu hii ilibidi niende kwake kwanza.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, maana msipoielewa kazi hamtalielewa kosa.

Depo, yaani kambi ya makuruta wapya, nilifundishwa na koplo mmoja Msukuma, tulimwita Koplo Masanja. Mtu mfupi, mpana, anatembea kama amebeba ndoo mbili zisizoonekana. Wiki yangu ya kwanza tulipelekwa matembezi marefu. Mimi kwa ujinga wangu nikanywa chupa yangu yote kabla ya kilima cha kwanza, na mbele huko nikachota maji ya kwenye dimbwi la ng'ombe. Siku tatu zilizofuata nilizimaliza chooni. Masanja alikuja akasimama nje ya mlango wa choo, akaniita kwa jina langu lote, akasema, "Wewe umekuja kulinda nchi au kuirutubisha?" Kambi nzima ilicheka. Mpaka naondoka depo waliniita Mbolea.

Enzi hizo maji yalikuwa kama dhambi. Kuruta anayeomba maji njiani alionekana legelege. Walimu walitwambia maji yanalainisha misuli, yanajaza tumbo, yanamfanya mtu awe mzito. Tuliamini. Nami nilipokuwa mwalimu niliwaambia wengine hivyo hivyo, nikiwa na chupa imejaa kiunoni. Baadaye akaja daktari mmoja kambini, kijana mwenye miwani, akatukusanya walimu wote akatwambia tumekuwa tukicheza na roho za watu. Akaagiza kila baada ya muda mfupi watu wasimame wanywe, watake wasitake. Masanja alinung'unika wiki nzima. "Sasa tunafuga samaki," akasema. Lakini alitii, na mimi nikatii, na niliporudi huku nikawawekea ninyi dumu la maji na kikombe pale darajani. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba sikujua. Wapo waliosema Sajini alikuwa na mafunzo ya kizamani. Hapana. Nilikuwa na ya kizamani na nilikuwa na ya kisasa.

Masanja alikuwa na jambo moja ambalo hata yule daktari alilisifu. Alituambia, "Usimuulize kuruta kama yuko sawa. Atakwambia yuko sawa hata roho ikiwa inatoka. Mshike shingo." Alitufundisha kuweka kiganja nyuma ya shingo ya mtu anayekimbia. Ukikuta imelowa na ina ubaridi, mwache aendelee. Ukikuta inateleza kwa jasho na ina joto, mpunguzie mwendo, mpe maji. Ukikuta kavu na moto, hapo kazi imekwisha. Usimpandishe kwenye gari, usipige simu kwanza. Mvue nguo pale pale alipo, mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote mlichonacho mpaka apoe, ndipo umpeleke hospitali. Kama hana fahamu usimtie maji mdomoni. Siku moja kuruta mmoja alianguka kwenye gwaride na Masanja akamvua mpaka chupi mbele ya maofisa na wake zao, akamfanyia hivyo kwa maji ya ndoo ya mpishi yaliyokuwa na maganda ya viazi. Maofisa walikasirika. Yule kuruta akapona. Amezaa watoto sita, wa kwanza amemwita Masanja.

Mimi mkono huu umeshika shingo zaidi ya nilizoweza kuhesabu. Hata ninyi wavulana mnaujua. Nakuja kwa baiskeli, filimbi mdomoni, nakushika shingo unashtuka, naenda kwa mwingine. Selemani mwenzenu alikuwa akinitania, "Sajini, unatupima kama mbuzi wa Idi."

Wasichana sikuwashika. Mimi ni mzee wa Kiislamu, wazazi wenu wananijua, siwezi kuweka mkono kwenye shingo ya binti wa mtu barabarani. Kazi hiyo nilimpa Zuhura, yule aliyekuwa anaongoza wasichana. Aliwashika yeye, akanipa ishara ya kidole gumba. Na Somoe naye akawa chini ya Zuhura. Nilisema uwanjani hakuna mtoto wangu. Ukiwa umevaa raba, mimi si baba, ni afande. Alikosea mara moja tu akaniita baba, nikamzungusha uwanja mara tano. Mama yake alipopata habari alinisema jioni ile, "Baba Somoe, unapigana na nani?" Nilicheka. Nilijiona mtu wa haki.

Somoe hakuwa na mwili wa kukimbia, nawaambieni kweli. Alikuwa mnene kidogo wa miguu kama bibi yake. Alichokuwa nacho ni kutokubali. Mwezi wa kwanza alikuwa wa mwisho kila siku, mnamsubiri pale kwenye mwembe wa shule mkinung'unika. Mwezi wa nne alikuwa katikati. Alipokufa alikuwa wa tatu kwa wasichana. Nilikuwa simsifu. Nilikuwa najitunzia sifa zake, nasubiri siku atakayopita usaili.

Siku ile ilikuwa mwezi wa Shaabani, unakwisha, Ramadhani imekaribia. Mvua zilikuwa zimekatika kama juma zima, jua la kupalilia, lile linalochoma kupitia shati. Mazoezi yetu, mnajua, yalikuwa kabla jua halijatoka. Siku ile nilikwenda kwanza ofisi ya kijiji kuandikisha shamba langu la korosho, foleni ikanichelewesha, nikafika uwanjani saa tatu. Mlikuwa mmekaa chini mnanisubiri. Mwalimu mwenye akili angewaambia rudini nyumbani, tukutane kesho. Mimi nikapiga filimbi. Nilisema jeshini haliahirishwi jambo kwa sababu ya jua. Zuhura hakuwepo, walikuwa wanapalilia kwao. Sikumweka mtu mwingine mahali pake. Niliona ni siku moja tu.

Kilomita sita kwenda kwa barabara ya Lionja, sita kurudi. Pale kwenye dumu la maji, wakati wa kurudi, mlinywa wote. Wengine mlijimwagia kichwani. Somoe alikuja amevaa trakisuti yake nyeusi na hijabu, akasimama, hakuinama kuchukua kikombe.

"Kunywa," nikamwambia.

"Niko sawa, afande."

"Nimesema kunywa."

"Niko sawa, afande. Naweza."

Nilimtazama usoni. Wenzake wote mlikuwa mnatiririka, mashati yamegandamana na miili. Yeye paji la uso lilikuwa kavu. Mimi mwalimu wa mazoezi, mwanafunzi wa Masanja, niliuona ukavu ule kwa macho yangu mawili na moyo wangu ukafurahi. Niliwageukia ninyi nikasema maneno ambayo nayasikia hadi leo nikiwa msikitini. "Mnamwona huyu? Ninyi mmelowa kama mmetoka kuvua samaki. Huyu hata jasho hana."

Mkampigia makofi. Selemani akasema, "Noma sana, Somoe." Naye akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza namsifu mbele ya watu. Akaondoka pale akikimbia kwa kasi kuliko alivyokuja.

Kiganja changu kilikuwa umbali wa hatua mbili kutoka shingo yake. Sikukinyoosha. Alikuwa binti mkubwa, alikuwa mwanangu, na watu walikuwa wanatazama.

Yaliyofuata mliyaona, ila niyaandike. Karibu na shamba la mihogo la yule mzee fundi baiskeli alianza kukimbia kama mlevi, mara kulia, mara kushoto. Nikapiga filimbi nikamwambia anyooke. Akaanguka. Nikamfikia kwa baiskeli nikasema yale ninayomwambia kila anayeanguka, "Inuka, kuruta. Nani kakupa ruhusa ya kulala?" Mkacheka, kama mnavyocheka siku zote. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Ndipo nikashika shingo.

Jambo la kufanya nililijua. Lilikuwa mkononi mwangu kama nilivyolipokea kwa Masanja. Kumvua ile trakisuti, kumvua ile hijabu, mmoja wenu akimbilie dumu, tummwagie, tumpepee kwa mashati yenu. Lakini kumvua binti nguo barabarani, mbele ya wavulana, mbele ya watu wa shambani waliokwisha kuanza kuja. Nilimfunika. Mnakumbuka? Shati langu nilivua nikamfunika miguu kwa sababu suruali ilikuwa imepanda. Nikasimamisha bodaboda, tukamweka katikati yangu na dereva, na nguo zake zote, na jua lote lile, na njiani nikamtia maji mdomoni yakatoka puani.

Kwenye zahanati tabibu alimgusa tu akaniuliza, "Mlimmwagia maji?"

"Hapana."

"Kwa nini, mzee? Wewe si mwanajeshi?"

Yeye na nesi walimvua na kummwagia maji pale pale, wakahangaika naye mpaka adhuhuri. Baadaye yule tabibu akatoka nje akavua glavu, na mimi nikajua, maana jeshini nimewaona watu wakivua glavu hivyo.

Msibani mlikuwepo. Mnajua kwetu watani wana haki yao, hata maiti ikiwa ndani. Ukoo wa Mzee Hamisi na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na mtani hakatazwi neno wala hakasirikiwi. Tulipolitoa jeneza, Mzee Hamisi akatokea amevaa sufuria kichwani kama kofia ya chuma, mwiko begani kama bunduki, filimbi ya mtoto mdomoni. Akasimama mbele ya jeneza akapiga filimbi, akasema kwa sauti yangu, kwa kweli ilikuwa sauti yangu yenyewe, "Inuka, kuruta. Nani kakupa ruhusa ya kulala?" Watu wakacheka huku wanalia. Hata shemeji zangu waliotoka Ruangwa walicheka. Ndiyo kazi ya mtani, kukamua machozi yaliyokwama. Mzee Hamisi hakuwepo barabarani. Hakujua kwamba maneno hayo ndiyo ya mwisho niliyomwambia mwanangu. Alipiga filimbi tena akamwamuru marehemu achuchumae. Nilisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, nikasubiri amalize. Watu wakasema Sajini ana moyo mgumu.

Wengine mlisema amerogwa na waliokuwa wanamwonea wivu kwa ajili ya usaili. Wengine mkasema siku yake ilikuwa imefika. Niliwaacha mseme. Ukiwa na kosa moyoni, kila uongo wa watu unakuwa kivuli cha kupumzikia.

Ramadhani ikaingia, ikapita, Idi ikapita bila sisi kuijua. Arobaini ilipokwisha, wageni wameondoka, tunakunja majamvi, mke wangu akakaa chini ghafla akasema, "Baba Somoe, mimi ndiye niliyemuua mtoto."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Alikuwa amefunga," akasema. "Siku ile. Alikuwa analipa."

Hapa, vijana, hasa ninyi wavulana, someni bila kucheka. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, na zile siku anazokosa ndani ya Ramadhani anazilipa baadaye, kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Somoe alikuwa amebakiwa na siku tatu. Mama yake akamkumbusha kwamba Shaabani inakwisha. Akaamka alfajiri akanywa chai, akanuia. Mama yake akamwambia, mweleze baba yako akupumzishe leo. Somoe akamshika mkono akamwomba, "Mama, usimwambie baba. Nitashindwa kumtazama." Mama akanyamaza. Akasema moyoni, mazoezi ni ya asubuhi mapema, jua halijawaka, hatadhurika. Alipoona nimechelewa ofisini, alisimama mlangoni akitaka kuja kuniambia. Akarudi ndani.

Kwa hiyo ule ugumu mnaousifu haukuwa ugumu wa askari. Alikuwa mtoto amefunga, anaona haya kumwambia baba yake.

Mke wangu alimaliza kusema akanitazama. Alikuwa anangoja nimlaumu, au nimkatalie, au nimwambie lolote. Na mimi nitawaambia kilichotokea ndani yangu, maana nimeazimia kusema yote. Nilipumua. Nilihisi mzigo unahama kutoka mgongoni kwangu kwenda kwake, kama wakati wa kupokezana kwenye matembezi. Ningeweza kumwambia kwamba niliuona ukavu ule, kwamba nilimsifu, kwamba dawa niliijua na sikuitumia. Nilisema, "Ni kazi ya Mungu, Mama Somoe." Nikaendelea kukunja jamvi.

Mke wangu akamfungia mwanawe zile siku tatu, deni lilipwe. Zikaisha. Akaongeza siku ya nne. Akaongeza Jumatatu na Alhamisi. Mpaka tunavuna ufuta alikuwa anafunga karibu kila siku, na jioni anakula vijiko viwili vya uji. Nilipomuuliza anajibu, "Namsindikiza." Mimi mwili naujua, ndiyo kazi yangu. Nimeona mifupa ya mabega yake ikitokeza kwenye khanga. Nimeona bangili ikipita kwenye kiwiko. Nimeona anashika ukuta akiinuka. Kuruta mwenye dalili zile ningemtoa kwenye mstari siku ya kwanza. Yeye nilimtazama miezi.

Nao mwili wangu, mzee mzima, ukawa unaendelea vizuri. Magoti yanauma kidogo, basi. Moyo unapiga taratibu kama wa kijana. Niliutunza miaka yote nikidhani mtu aliye fiti anaweza kubeba lolote. Mwili haubebi. Unakuweka hai tu, uendelee kuona.

Siku mliyokuja na habari ya kukimbia bila maji kama Somoe, mlipoondoka nilikaa kizingitini muda mrefu. Kesho yake mchana nilimkuta mke wangu uani anapeta ufuta. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye dumu. Sikuruka kitu. Ungo ukaendelea kupanda na kushuka. Aliusimamisha mara moja tu, akauliza.

"Pale kwenye dumu, ulimshika shingo?"

"Sikumshika."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukumshika?"

"Niliona haya, mbele za watu."

Akapeta tena. Maganda yakaruka, yakanifikia miguuni.

"Alisema nini? Mwisho kabisa."

"Alisema, niko sawa, afande."

"Hakusema baba?"

"Hakusema. Nilimkataza."

Akaweka ungo chini. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo.

"Kwa hiyo siku ile ya jamvi," akasema, "ulikuwa unayajua haya."

"Ndiyo."

"Na miezi yote hii ukiniona ninavyofunga."

"Nilikuona."

"Ukaniacha."

"Ndiyo, Mama Somoe."

Hakulia, hakunitukana. Alishika ukuta akaingia ndani, akachota maji mtungini, akanywa kikombe kizima akiwa amesimama, akachota kingine akanywa. Ilikuwa saa tisa, jua bado kali, na siku hiyo alikuwa amefunga. Halafu akachukua simu akaenda kuongelea nyuma ya nyumba.

Asubuhi yake kaka yake alikuja na pikipiki kutoka Namungo. Tukasalimiana, akaniita shemeji kama kawaida, akanywa chai, hakuuliza kitu. Mke wangu alifunga nguo zake kwenye khanga mbili. Nilimwambia kwamba nataka kuwaandikia ninyi, ila kuna yale mambo ya siku za Somoe, sijui kama yanafaa kusemwa. Akasema, "Andika. Usifiche hata moja. Haya imeshatuchukulia mtoto." Akapanda pikipiki. Hakugeuka, lakini barabara yetu nayo ina mashimo, mtu hushika kwa mikono miwili.

Nimeandika, basi. Mazoezi sitawapa tena. Siwazuii kukimbia, na najua mtakimbia. Zuhura anajua kushika shingo, mfuateni. Kama hayupo, wekeni mwingine, na kama hakuna mwingine, rudini nyumbani. Jua likiwa limeshapanda, rudini nyumbani. Msichana aliyefunga, au asiyejisikia vizuri kwa sababu yoyote, asiulizwe sababu na wala asilazimishwe kusema. Akae pembeni, na asichekwe. Anayekwambia yuko sawa usimwamini, mguse, awe wa kiume, awe wa kike. Akiwa mkavu na ana moto, mvueni nguo hapo hapo mkimmwagia maji, watu watazame wanavyotaka. Na yule binti wa kwa fundi cherehani, mwanangu, anywe maji. Namwomba.

Mke wangu bado yuko Namungo. Wanasema anakula sasa, mwili umeanza kurudi, anakwenda na wifi yake shambani. Ijumaa baada ya swala nampigia simu, naye anapokea. Ananiuliza kama nimekula. Namuuliza kama analala. Wote wawili tunajibu ndiyo.